Piano ya Mbao ya Chukudu

Enzi zetu piano ilikuwa kitu cha Jumapili. Wenzangu mliokulia hapa Goma mnanielewa. Hawa watoto wanaopiga piano kwa vidole viwili juu ya simu, wamelala chali kitandani, wataona ninatia chumvi. Piano ya parokia yetu ilikaa sakristia, imefunikwa kitambaa cha altare kilichozeeka, na ufunguo wa sakristia ulikuwa mfukoni mwa mwalimu wa korali, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Metre. Ilikuwa piano ya umeme, na mafuta ya jenereta yalikuwa ya misa tu. Siku za mazoezi tuliimba bila piano, Metre akiandika do, re, mi ubaoni, fimbo yake ikitafuta miguu ya aliyeteleza. Ukimwomba uiguse tu, alikuwa na jibu moja: "Piano haiko kuku, ati kila mutu aishike."

Mimi nilikuwa na sauti. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu sasa imeniishia na hakuna atakayeniambia niimbe. Masika, rafiki yangu wa nyumba ya pili, hakuwa nayo. Sauti yake ilikwaruza. Akianza kuimba, mama yangu aliuliza nani anasugua sufuria. Lakini vidole vyake havikujua kutulia. Alipiga meza, alipiga mgongo wa mtu aliyekaa mbele yake kanisani, alipiga magoti yake mwenyewe wakati wa mahubiri mpaka masista wakamhamishia benchi la wazee. Mtu angesema siku zile kwamba mmoja wetu atakuja kuwa mwimbaji, mtaa wetu mzima wa Majengo ungeninyooshea kidole mimi. Neno hilo liwekeni akilini, maana ndilo linalonichanganya mpaka leo.

Papa yake Masika alikuwa mtu wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na pedali. Alitelemka nayo kutoka Kibumba, kabichi na viazi vimerundikwa kupita kimo chake, na sisi watoto tulisikia yale magurudumu ya mbao yakilia juu ya mawe meusi ya volkano kabla hatujamwona mwenyewe. Siku moja shingo ya chukudu ikavunjika. Akachonga chukudu nyingine, na ule ubao mrefu wa kati, anapopiga goti dereva, akampa mama yangu, ukabaki nyuma ya jiko letu ukingoja kuwa kuni. Masika akauwahi. Kwa chokaa na makala ya kupikia alichora meno ya piano, meupe manane, na meusi katikati yake kama alivyoyaona kwa kuchungulia Jumapili. Ilikuwa piano nzuri. Ilikosa kitu kimoja tu, na kitu hicho nilikuwa mimi.

Tuligawana kazi hivi: yeye anabonyeza, mimi natoa sauti. Akigusa jino la kwanza naimba do, la pili re, na akikimbiza vidole nakimbia naye mpaka pumzi inakatika. Akigusa mawili kwa pamoja tunagombana, kwa kuwa Mungu alinipa koo moja. Hivyo ndivyo tulivyopiga piano, kila mchana tulipotoka shule, tumekalia mawe nyuma ya jiko, nguo zinanuka moshi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga wa jirani. Wenzetu walikuwa wanaruka kamba barabarani wakituita wendawazimu. Hatukuwa huru kwenda popote hata hivyo, kwa sababu tulikuwa tumepewa kazi ya kuangalia maharagi.

Mama alikuwa ndani na mashine yake ya kushona. Hakutuona, alitusikia tu. Na wimbo wetu wa kwanza, ambao ulikuwa pia wa mwisho, ulitoka kwenye yale maharagi. Masika aliutunga kwa vidole, mimi nikatia maneno:

*Maharagi ya mama yanachemka,*
*nani ataleta maji?*

Sauti ilipanda ngazi moja moja, kama vile maharagi yanavyopanda sufuriani, na kwenye neno "maji" vidole vya Masika vilifika jino la mwisho, lile la kuume kabisa. Hapo ndipo palikuwa na shida. Sauti yangu ilikuwa nzuri lakini fupi. Badala ya kupanda do ya juu, nilishuka mpaka sol nikatulia hapo, kana kwamba ndiko nilikokuwa nakwenda tangu mwanzo. Masika hakunisahihisha. Angenisahihishaje? Piano yake ilikuwa mimi. Kwake yeye, jino la mwisho ndivyo lilivyolia: unapanda, unapanda, halafu unashuka kukaa. Na kila tulipofika pale, mama alipaza sauti kutoka ndani, "Kahindo, tia mayi. Utaunguza maharagi yangu."

Mara nyingi yalikuwa yameshaungua. Tuliyala hivyo hivyo.

Halafu ikaja ile Jumapili ambayo askofu alitutembelea na korali ikaimba vizuri. Metre alikuwa na furaha isiyo ya kawaida, jenereta ilikuwa bado inanguruma, na sijui malaika gani alimgusa, akamwambia Masika akae kwenye piano apige kidogo. Sote tulizunguka. Masika akajipangusa vidole kwenye sketi, akaanza wimbo wa maharagi. Alipanda vizuri sana, mpaka wakubwa wakatazamana. Alipofika jino la mwisho la wimbo wetu, likalia juu kabisa, jembamba. Masika akaondoa kidole kama aliyeshika sufuria ya moto. Akajaribu tena. Likalia vilevile. Akamgeukia Metre kwa heshima zote akasema, "Metre, hii piano imeharibika."

Kanisa zima lilicheka. Metre alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi pia nilicheka, bila kujua tunacheka nini, kwa sababu hata kwangu mimi piano ile ilikuwa imekosea. Masika hakulia. Aligeuka akanitazama, na yale macho sijapata kuyaelewa. Hayakuwa ya hasira, wala hayakuwa ya mchezo. Nilitaka kumuuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani, lakini alitangulia mbio, na kesho yake tukapiga ubao wetu kama kawaida, jino la mwisho likashuka kama kawaida.

Haikupita muda mrefu papa yake akaacha chukudu, akaenda kujaribu biashara mji wa Kiwanja. Familia ikamfuata, na baadaye tukasikia wamevuka mpaka wa Bunagana, wako Uganda. Enzi zile watu waliondoka sana hapa kwetu, hata kuagana kulikuwa kumefupishwa. Ubao sijui uliishia wapi. Nina wasiwasi kwamba mama aliupikia.

Sasa, majuzi binti yangu Neema akaingia jikoni na simu, sikio moja limezibwa, moja limeachwa wazi kwa ajili ya kunisikiliza mimi nikisema vibaya kuhusu simu. Akaniambia kuna dada wa Goma ametoa albamu yake ya kwanza, amezitunga nyimbo zote mwenyewe na anapiga piano mwenyewe. Kwenye picha alikaa mwanamke mwenye nywele fupi mbele ya piano nyeusi yenye kung'aa, kubwa kuliko jiko langu. Paji lile la uso nililijua. Nikamwambia Neema huyu ni Masika, tumekua pamoja. Akanitazama kwa huruma, jinsi wanavyotutazama tukidai tulikuwa wembamba.

Nikasikiliza. Sauti ni ileile ya kusugua sufuria, nawaapia, haikubadilika. Lakini sasa watu wanaisifu. Mtangazaji mmoja alisema ni sauti iliyokomaa kwenye moshi. Nilifurahi, na papo hapo nikaona kama mtu ameingia nyumbani kwangu akavaa nguo zangu, na zikamkaa vizuri kuliko mimi. Kati yetu wawili, mwimbaji si alikuwa mimi?

Kisha wakamhoji redioni, mimi nachambua majani ya sombe. Wakamuuliza nani alimfundisha piano. Akasema, "Nilijifunza miye peke, ku mbao. Ilikuwa piano haina sauti."

Niliweka sombe chini. Haina sauti? Na yule aliyekuwa akikimbia mpaka pumzi inakatika alikuwa nani? Niliumia, sifichi. Si kwamba nilitaka kutajwa jina redioni. Nilitaka tu iwe kweli kwamba nilikuwepo.

Nikaenda kwa mama. Siku hizi anaishi na mimi. Masikio yanakuja na kuondoka, majina ya wajukuu anayachanganya, ila ya zamani huwa anayashika vizuri. Nikamuuliza kama anakumbuka Masika na ubao wa chukudu. Uso ukamchanua. "Masika njo alikuwa anaimba," akasema. "Weye ulikuwa unapigapiga ile mbao, unaniharibia kuni." Nikamwambia hapana mama, ni kinyume. Akaapa kwa marehemu papa yangu. Nikaondoka kichwa kinazunguka. Nilipokuwa peke yangu nikajaribu kuchezesha vidole mezani, vikawa vigumu kama vya mtu mwingine. Sauti sikuthubutu kuijaribu. Nikaanza kuogopa kwamba miaka imetubadilishia nafasi, au kwamba nilichungulia tu utoto wa mtu mwingine nikauchukua.

Neema na wenzake hawakuwa wamefika mwisho wa albamu. Vijana hawa wimbo wanauonja kama supu, kijiko kimoja wanahamia mwingine. Sisi kaseti tuliizungusha kwa kalamu ili tusikie hata kukohoa kwa mpiga gitaa. Kwa hiyo ni mimi niliyeugundua wimbo wa mwisho. Unaitwa "Maharagi".

Niliketi. Piano ikaanza peke yake, taratibu, nikautambua kabla hajafungua mdomo. Maharagi ya mama yanachemka. Ngazi moja moja. Nani ataleta... na hapo Masika ananyamaza. Neno lenyewe haliimbi. Piano inabaki peke yake, na badala ya kupanda inapopaswa kupanda, inashuka mpaka sol, inatulia.

Neema akaniambia, "Mama, apa amekosea. Ilipaswa ipande." Nilimjibu najua. Sasa mji mzima una maelezo yake. Yule mtangazaji anasema huo ni mtindo mkubwa wa ng'ambo, sisi hatuwezi kuuelewa. Kijana anayefundisha korali siku hizi anasema ni kosa la studio. Shemeji yangu, ambaye hajui do wala re, ana uhakika kwamba alisahau maneno. Na mimi ninayejua sol ile ilitoka kwenye koo la nani, ndimi nisiyeelewa kuliko wote. Je, ananishukuru? Ananirudishia kicheko cha ile Jumapili? Au kidole chake kilizoea tu, kinashuka pale bila kumuuliza? Na kama ubao haukuwa na sauti, kwa nini ameacha nafasi ya sauti, wazi vile, yenye ukubwa wa neno moja?

Mchana mmoja nilikuwa na maharagi jikoni, juu ya makala. Neema alikuwa dirishani na simu yake, albamu inajipiga yenyewe, na yeye anaandikiana na watu. Nilikuwa nawaza jinsi siku hizi piano iko kila mahali, hata ndani ya mfuko wa sketi ya shule, na inatoa sauti zote bila kumchosha mtu. Hakuna tena mtoto anayehitaji koo la mwenzake. Labda ni maendeleo, sikatai. Ila sisi tulihitajiana.

Wimbo wa mwisho ukafika. Sikupanga chochote. Maharagi ya mama yanachemka, nani ataleta, akanyamaza, na koo langu likatoa lenyewe: maji. Chini, kwenye sol, na likakwaruza kidogo. Neema akainua uso kutoka kwenye simu akanitazama.

Na kutoka chumbani, mama yangu anayeapa kwamba sikuwahi kuimba, akapaza sauti.

"Kahindo, tia mayi. Utaunguza tena maharagi yangu."

Enzi zile ningeitikia "ndiyo mama" bila kuacha wimbo, nikakimbilia maji nje. Leo maji yako kwenye bidoni, dumu la plastiki, karibu na mguu wangu, na sikuweza kuinama wala kuitikia. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka Neema akasema kitu kinanuka. Maharagi yaliungua. Tuliyala hivyo hivyo.