Baba Alisimamisha Saa Ndege Ingali Juu

Kisa hiki tumeletewa na mama anayetufuatilia. Jina lake tunalo sisi tu, na la kaka yake tumelibadilisha. Msome hadi mwisho kabla hamjamhukumu mtu.

Hamjambo wapendwa. Mimi ni bibi wa miaka sitini na tisa, mjane, naishi karibu na Dagoretti Corner na wajukuu wawili, ambao ndio walionifundisha kutumia simu hii. Huwa nasoma visa vyenu vya mipango ya kando nacheka peke yangu. Changu hakina mpango wa kando. Kina ndege ya karatasi, na tangu mwezi jana kimeninyima usingizi.

Tulihamia Nairobi kutoka Mombasa Baba alipopata kazi ya ukarani, tukapanga vyumba karibu na River Road. Kaka yangu, nimwite Sudi, alikuwa na wazimu mmoja tu: vindege vya mbao nyepesi na karatasi, vile vya kuvutwa kwa uzi mpaka vipae juu, kisha uzi unaachia navyo vinaelea vyenyewe. Miaka ya sabini mwanzoni watu wa mchezo huo walikutana Jumapili kwenye uwanja mmoja nje ya Barabara ya Ngong. Walikuwepo Wahindi, Wazungu wachache na vijana wetu. Ndege iliyokaa hewani zaidi ndiyo iliyoshinda.

Waamuzi walikuwa wa kujitolea. Kila familia ilitoa mtu wa kushika saa, na kwetu alikuwa Baba. Sheria iliyotuvunja ilikuwa hii: ndege ikipotea machoni pa mshika saa, saa inasimamishwa, hata kama ndege bado iko juu. Darubini ilikuwa marufuku. Na kwa desturi, mtu hakumpimia mwanawe.

Jumapili ya kuchagua wa kwenda kushindana Kampala, mshika saa wa Sudi hakutokea. Wakamwomba Baba. Kijana mmoja nyuma yetu akasema, "Si mseme tu Sudi ameshinda, twende home." Baba alisikia. Alirekebisha kofia yake, akaishika saa.

Ndege ya Sudi ilipanda kuliko zote siku hiyo, ikawa inazunguka juu ya mikaratusi. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa Baba. Aliinama kuitazama saa, akainua uso. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Kisha akabonyeza.

"Imepotea," alisema.

"Mzee, si ndio ile!" watu wakapiga kelele. "Hapo juu ya miti! Huioni?"

"Imepotea machoni pangu. Saa ni saa."

Sudi alikuja mbio, uzi ungali mkononi. "Baba, ilikuwa juu. Unajua ilikuwa juu."

"Mshika saa ni mimi."

"Umenitoa kafara ili wasikuseme!"

Baba aliandika muda kwenye karatasi. Kampala alikwenda mwingine. Sudi alihama nyumbani wiki hiyo hiyo, akahamia kwa rafiki yake Parklands, na hakumpa Baba salamu tena. Sisi sote tuliamini alivyoamini yeye. Mama alikuwa akimwambia Baba wakati wa kula, "Umemuuza mtoto kwa sifa za watu," naye Baba anaendelea kutafuna.

Mwaka uliofuata Baba aligongwa na gari mjini, mchana peupe, akafariki. Gari lilimjia kutoka ubavuni. Waliokuwepo walisema mzee alijiingiza tu barabarani. Sudi alikuja mazikoni, lakini alipoitwa kama mtoto mkubwa wa kiume ashuke kaburini ampokee baba yake, alikunja mikono. Alishuka ami yetu. Nilimchukia Baba siku ile kwa kutufikisha pale.

Sasa, mwezi jana nilikwenda kupimwa macho. Daktari, binti mpole, akaniambia nina presha ya macho. Alisema ugonjwa huu unakula kuanzia pembeni. Mbele unaona, hata gazeti unasoma, lakini cha pembeni hukioni, na wengi hawajui mpaka wamechelewa. Akaniuliza, "Shosho, kwenu kulikuwa na mtu ana shida ya macho?"

Nilifungua mdomo niseme hapana, nikashindwa. Nilikumbuka Baba alivyonishika bega kila tukipita mjini, nami nikidhani ni mapenzi. Nikakumbuka vikombe alivyogonga vikaanguka, na Mama akimwita mzembe. Nililia mbele ya yule binti mpaka akaniletea maji.

Tangu siku hiyo nikifumba macho namwona Baba uwanjani, uso juu, anatafuta upande wa mbingu usio na kitu. Sijui kama alijua anapofuka akaona afadhali aitwe baba mbaya kuliko kipofu, au naye hakujua. Hilo ndilo linaloniamsha.

Daktari amesema ugonjwa huu hurithiwa, ndugu zangu wapimwe haraka. Sudi bado anaendesha gari, na Jumamosi huwapitia wajukuu wangu awapeleke madrasa. Nilipomwambia akapimwe alinicheka. "Macho yangu mazima, dada. Nasoma gazeti bila miwani." Wiki jana alikwaruza ubavu mzima wa gari kwenye geti lake mwenyewe, akasema geti limehama. Nilipoanza tu kusema, "Sudi, Baba alikuwa..." aliinua mkono. "Huyo hatajwi kwangu."

Mke wake, niliyemweleza yote, ananisihi kwa simu: "Wifi, tafadhali. Moyo wake ni mgonjwa. Ukimwambia leo kwamba mzee alikuwa haoni, utamzika."

Jumamosi ni keshokutwa. Wajukuu nitawazuia, lakini yeye nitamzuiaje? Nikinyamaza, atapofuka, au ataua mtu barabarani. Nikisema, atajua ni baba wa namna gani aliyemkunjia mikono kaburini, na wa kumwomba radhi hayupo. Nyinyi mliowazika wazazi mkiwa mmenuna, nijibuni bila kunionea haya: ingekuwa ni nyinyi, mngetaka kuambiwa?