Macho ya Baba na Saa Iliyopotea

Betri iliyokaa juani ina harufu yake. Inafanana kidogo na sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho, na kidogo na bati la nyumba wakati wa mchana mkali. Wiki iliyopita niliikuta harufu hiyo dirishani sebuleni kwangu, mahali nilipokuwa nimeziweka betri za kidude cha zamani cha gemu nilichonunua Arusha kwa muuza mitumba ya vyombo vya umeme. Sikuwa na haja ya kuzianika. Duka linalouza betri liko ng'ambo ya barabara. Mikono ilikumbuka yenyewe tu.

Sasa ninavyo vidude kadhaa vya namna hiyo. Huvifungua na kuvisafisha mwenyewe kwa pamba na spiriti, kazi ambayo hakuna aliyenifundisha zaidi ya kuharibu kimoja na kujifunza kwa kingine. Vijana wanaonitembelea huniuliza kwa nini nisicheze gemu hizohizo kwenye simu, maana siku hizi zote zimo na zinang'aa vizuri. Huwajibu kwamba huko kung'aa ndiko kunakonipotezea ladha. Kidude cha kwanza nilichokijua hakikuwa na taa. Kioo chake kilikuwa na rangi ya mlenda, na bila jua usingeona kitu. Ilibidi ukae nje, uugeuze mkono taratibu mpaka mwanga ukae sawa, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Na gemu yenyewe ilikuwa ya upelelezi, ya polepole, isiyo na kukimbia wala kupiga risasi. Ulisoma, ukauliza, ukafikiri, ukasoma tena. Kwetu sisi watoto wa Karatu, miaka ya tisini ikielekea mwisho, kilikuwa kitabu chenye vitufe.

Kilifika nyumbani ndani ya mfuko wa koti la Baba. Baba alikuwa dereva wa watalii. Yeye na Mama walikuwa wametoka Machame wakiwa vijana kufuata kazi, na Karatu ikawa kwetu. Mtoto wa wageni aliokuwa amewazungusha Ngorongoro na Serengeti alimwachia kidude hicho wakati wa kuagana, akasema yeye amekwisha kuimaliza gemu yake. Baba alikiweka mezani mbele yangu na mdogo wangu Godi.

"Hiki kinaongea Kizungu," alisema. "Mgombane nacho chenyewe, sio ninyi kwa ninyi."

Tuligombana nacho kweli. Habari yake ilikuwa hivi. Katika nyumba ya wageni huko milimani kwenye theluji, saa kubwa ya ukutani ilikuwa imetoweka, na wewe mchezaji ulikuwa mpelelezi. Ndani walikaa mpishi, mtunza bustani, mama mmoja mjane, na nahodha mstaafu mwenye ndevu nyeupe. Chini ya kioo kulikuwa na maneno manne ya kuchagua, ambayo niliyatafuta kwenye kamusi ya shule moja baada ya jingine: tazama, uliza, chukua, na la nne, bana. Kumbana mtu maana yake ilikuwa kumwambia usoni kwamba hajasema kweli yote.

Nadhani yule mtoto wa Kizungu alilitumia neno la nne bila wasiwasi. Sisi tulikuwa na Godi. Alikuwa amefika darasa la kwanza, na adabu zote alizofundishwa alizitumia kwa nguvu moja. Kila tulipoingia chumba cha nahodha aliinamisha kichwa mbele ya kioo na kusema, "Shikamoo, babu." Kisha alingoja.

"Hajaitikia," alisema.

"Hawezi kuitikia. Ni gemu."

"Basi amekasirika. Tutoke, tutarudi baadaye."

Mpishi tulimbana. Mtunza bustani tulimbana mpaka akalia. Lakini nilipotaka kumbana nahodha, Godi alifunika kitufe kwa kidole gumba.

"Aika, utamwambia mzee kwamba ni mwongo?"

"Ni picha tu, Godi."

"Ni picha ya mzee."

Ningeweza kumsukuma, nilikuwa mkubwa kwake. Sikumsukuma, kwa sababu na mimi nilikuwa nimelelewa vilevile. Kwetu mzee aliulizwa habari za mifugo, za shamba na za afya, akajibu alichopenda kujibu, na hapo mambo yakaishia. Kwa hiyo tulizunguka nyumba ile ya theluji kiangazi chote. Tuliufungua kila mtungi, tulitazama chini ya kila kitanda, na betri zilipochoka tulizianika kwenye ungo pamoja na maharage ya Mama. Saa hatukuipata.

Wakati huohuo nilikuwa na upelelezi wangu wa pili, ambao Godi hakuujua.

Ulianza kwa gazeti. Niliona Baba akilisoma kwa kunyoosha mikono, kama mtu anayelikinga lisimkaribie. Baadaye, kwenye sala ya jioni, sauti iliyokuwa ikisoma Biblia tangu nilipozaliwa iliacha kusoma. "Soma wewe, mama," aliniambia, "upate mazoezi." Kisha kisanduku cha dawa ya kikohozi: alikigeuza, akakisogeza, akakirudisha mezani, akamwuliza Mama kama anakumbuka daktari alisemaje. Gemu ilikuwa imenifundisha kwamba dalili moja haitoshi, lakini zikikaa pamoja na kuelekea upande mmoja, usizipuuze. Zangu zilielekea upande mmoja. Baba alikuwa anapofuka.

Sijui kama msomaji amewahi kuipanda ile barabara kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kreta wakati wa masika. Miaka ile ilikuwa udongo mwekundu mtupu, ukilowa unateleza kama sabuni, na ukungu unashuka mpaka dereva anaona boneti yake na basi. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni miti inayochungulia kutoka chini. Nilikuwa nimepita huko mara moja, nikiwa nimeshika kiti kwa mikono yote miwili. Sasa kila Baba alipoaga asubuhi nilisikiliza mlio wa gari mpaka ukaisha, na jioni sikula vizuri mpaka niusikie tena.

Ubaya ni kwamba sikuona pa kupeleka habari hiyo. Nikinyamaza, Baba angeanguka. Nikisema, kampuni ingesikia, na dereva asiyeona si dereva tena. Ada zetu, mahindi, hata ile kodi ya nyumba, vyote vilitoka kwenye usukani ule. Siku moja nilijaribu kwa Mama, jikoni.

"Mama, Baba anaona vizuri?"

Aliacha kupepeta. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Basi baba yako haulizwi hayo. Lete maji."

Mvua zikaja. Wageni walipungua, Baba akakaa nyumbani siku nyingi, na gemu ikalala kwa sababu hapakuwa na jua la kuisomea. Alasiri moja wingu lilifunguka. Godi alikuwa kwa jirani. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nikakiweka kidude karibu kabisa na pua kama kawaida yangu, nikaingia chumba cha nahodha. Sikumwamkia. Nilimbana.

Nilitegemea angefoka. Badala yake nahodha aliketi. Maneno yalikuja kwa herufi moja moja, kama yalivyokuja siku zote, na niliyasoma nikipekua kamusi kwa mkono mwingine. Alisema saa ameificha yeye, kwa kuwa mlio wake ulimnyima usingizi mkewe mgonjwa, na kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa akingoja mtu amwulize.

Wimbo mfupi wa ushindi ulipigwa. Majina yakaanza kupita kwenye kioo. Miezi yote ile, ilihitaji tendo moja tu, na mtu tuliyemwogopa alikuwa akitungoja. Nilizima kidude kabla majina hayajaisha, nikaenda mbele ya nyumba.

Baba alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje. Hilo lilinisaidia, ni rahisi kuzungumza na miguu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

"Baba, unapofuka?"

Spana iliacha kugonga. Alitoka taratibu, akakaa kwenye matope akanitazama. Nilimweleza yote: gazeti, Biblia, dawa, ukungu, ukingo. Nilimweleza kwa mpangilio, nikiwa nimeshikilia kamusi kifuani. Aliangalia pembeni. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na ilinichukua muda kugundua kwamba anacheka.

"Mama Aika," aliita kuelekea dirishani, "njoo usikie. Nimezaa askari kanzu."

"Nasikia kutoka huku," Mama alijibu. "Mjibu mtoto."

Alinijibu. Alisema macho ya karibu yamechoka, kama ya watu wengi wa umri wake, na kwamba alikuwa akiona haya kununua miwani kwa sababu madereva wenzake wangemwita babu. Lakini macho ya mbali, alisema, ndiyo yaliyompa kazi. "Njoo," akaniambia, akafuta mikono kwa kitambaa, akanipeleka hadi barabarani mahali ambapo bonde linafunguka kuelekea Mang'ola. "Unaliona lori lile? Limebeba vitunguu. Juu ya magunia wamekaa wawili. Mmoja amejifunga shuka nyekundu, mwingine ameshika kofia isipeperuke."

Tulingoja. Lori lilipanda likikoroma, likatupita, likaturushia tope. Juu ya magunia ya vitunguu walikaa watu wawili. Shuka moja ilikuwa nyekundu, na mkono wa yule mwingine ulikuwa juu ya kofia.

Sina neno la kueleza nilivyojisikia. Ni kama mtu amenitua ndoo kichwani baada ya kupanda nayo kilima. Nilicheka peke yangu pale kando ya barabara. Baba hataanguka. Baba anaona kuliko tai. Mzigo wote ule wa miezi, na dawa yake ilikuwa miwani ya kusomea.

"Haya," alisema Baba, bado akitabasamu. "Na lile jingine kule nyuma, linakuja au linakwenda?"

Nilitazama. Kulikuwa na rangi ya kahawia, na rangi ya kijani, na kati yake kitu.

"Linakwenda," nilisema.

Aliinama usawa wangu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, unaona lori?"

"Naona pale lilipo."

"Unakaa dawati gani darasani?"

"La mbele. Kule nyuma ubao hauna maandishi."

Niliyasema hayo bila wasiwasi wowote, kwa sababu kwa kadiri nilivyojua, dunia ya kila mtu ilianza kuyeyuka baada ya umbali wa chumba. Lori la pili lilikuja, likatupita. Baba hakulitazama. Alinishika mkono, tukarudi nyumbani, na wakati wa chakula alimwambia Mama kwamba mimi na yeye tutakwenda hospitali siku ambayo mtaalamu wa macho atafika.

Siku za kungoja nilizifurahia. Nililala usingizi mzito, nikala sahani mbili, nikamfundisha Godi namna ya kumbana nahodha. Alikubali kwa sharti kwamba amwombe radhi kwanza. Hospitalini Baba aliandikiwa miwani yake, nami yangu. Mtaalamu alinichunguza kwa taa muda mrefu, akanigeuza huku na huku, mwishoni akamwambia Baba kwamba macho yangu ni mazima, hayaoni mbali tu, na kwamba sitapofuka. Mimi neno hilo halikunigusa, maana sikuwa nimejiogopea. Miwani yetu ilipokuwa tayari tulirudi kuichukua pamoja.

Njiani kurudi nyumbani niliropoka bila kupumua. Kilima kilikuwa na miti, na miti ilikuwa na matawi, na matawi yalikuwa na majani, moja moja. Mwanamke aliyekuwa akipalilia mbali shambani alikuwa na uso. Baba aliitikia, "Ee, mama. Ee," mpaka tulipofika kwenye kona ya mikaratusi, akasimamisha gari, akasema anakwenda kutazama tairi la nyuma.

Alikawia. Nilichungulia kwenye kioo cha pembeni. Kwa macho yangu mapya niliona kila kitu: tairi lilikuwa limejaa upepo, Baba alikuwa ameegemea gari, na kile kitambaa cha kufutia mikono alikuwa amekibonyeza machoni.

Nilidhani ni vumbi. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mtu mzima na Mama amekwisha kunisimulia juu ya dada wa Baba aliyeanza hivyohivyo, kwa kuketi dawati la mbele, na mwishowe akawa anaongozwa kwa fimbo, ndipo nilipoirudia siku ile nikaona kosa langu. Yalikuwa masika. Barabara nzima ilikuwa tope.