Nilitumwa Kumkataza Njeri Bahari

Leo nimeshindwa na mpwa wangu, na mnajua mimi sishindwi ovyo.

Dada yangu aliniita kwake Gatitu nimkataze binti yake Njeri kurudi kwa mashua ya matanga anayofanyia kazi huko baharini. Mimi nimeona dunia, nimefika hadi Mombasa.

Nikamwambia, "Huko visiwani hata ramani inakosea. Mtagonga mwamba mfe."

"Ndiyo maana napanda juu ya mlingoti, Anko. Maji yakiwa rangi ya chai, chini kuna mwamba. Ya bluu tunapita."

Mamake akauliza, "Na wenzako?"

"Wananingoja niseme tupite wapi."

Dada akamtemea mate kwa viganja, vile wazazi wetu hubariki.

Nimembebea begi mpaka steji ya matatu nikiambia kila mtu huyu ni wetu.

Nyinyi mngemkataza?