Wimbo wa Kushinda wa Bwana Figili

Nimekuwa mshenga hapa Osaka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, lakini Kusakabe, kijana aliyenijia nimtafutie mke, nusura anitoe roho. Alisomea piano, kisha akaenda kutunga muziki wa michezo ya video, ile ya kubonyeza vitufe mbele ya televisheni, kwenye mashine isiyoweza kutoa sauti zaidi ya tatu kwa pamoja. Na jina hana! Kampuni yake, kwa kuogopa kuibiwa watunzi na kampuni nyingine, ilimwandika mwisho wa mchezo kwa jina la Figili, mboga ya sokoni. Nani atamwoza binti yake kwa Figili?

Akaiona kwangu picha ya Fusae, binti wa Mzee Hatano, mkuu wa stesheni mstaafu. Tangu siku hiyo hali, halali. Siku ya kutambulishana nikamwonya, "Ukiulizwa kazi, sema vifaa vya umeme. Ukitaja muziki, posa imekwenda na maji."

Tukaketi kwenye mikeka. Fusae kimya, macho chini, kama inavyotakiwa. Baba yake, akipuliza chai, akawa anaimba puani kijiwimbo cha huzuni.

"Hapo mwisho sauti inashuka, Mzee," Kusakabe akaropoka. Nikamfinya paja, lakini wapi!

"Umejuaje?"

"Nimeutunga mimi. Ni wimbo wa kushindwa."

"Kumbe ni wewe!" Mzee akagonga meza. "Mwaka mzima unanizika kila jioni! Joka la mchezoni linanimeza, halafu wewe unanifanyia matanga!"

"Nisamehe, Mzee. Wa kushinda pia upo. Ndio mzuri zaidi."

"Mwongo! Joka lile halishindiki. Na mwongo simpi binti yangu."

Nikavuta mkoba wangu tuondoke. Hapo Fusae akainuka bila ruhusa, akaingia chumba cha pili, akafunga mlango wa karatasi. Nikajua kwisha habari yetu.

Tukasikia televisheni ikiwashwa, kisha upanga wa mchezo. Joka likanguruma, likanyamaza. Kisha ukaja wimbo wa furaha, hata mimi nisiyependa makelele nikaguswa.

"Fusae! Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, Baba. Nilikuwa naizima sauti, usije ukaona haya." "Na huyu Figili ni nani? Kila nikishinda nasoma jina lake, natamani kumshukuru."

"Ni mimi," Kusakabe akauambia mlango, machozi yakimtiririka.

Mzee Hatano akanitazama kwa uchungu. "Rudisha mkoba chini, mshenga. Tutapanga siku. Ila kwanza mmoja wao anionyeshe joka linapigwa wapi."