Paneli Iliyopimwa Ikiwa Mpya

Miaka ya foleni za sukari ndiyo kwanza ilikuwa imetuacha. Maduka yalijaa vitu vya nje, vizuri na vibovu pamoja. Mwenye duka mmoja wa Kabasa akaleta paneli ya sola kwenye zahanati ya misheni karibu na Butiama, alikokuwa muuguzi dada yangu. Mafuta ya taa yalikuwa ya kubahatisha, naye alikuwa akizalisha kwa kibatari. Niliitwa kutoka Musoma nikaipime.

Mita ilionyesha wati nyingi kuliko zilizoandikwa nyuma ya paneli. Padri wa misheni alitabasamu. Mimi nilikunja uso, maana paneli hizi za utando mwembamba nazijua: zikiwa mpya hujitutumua, zikipigwa jua wiki kadhaa hushuka, kisha hutulia. Kipimo cha haki ni cha baada ya kutulia.

“Ikae juani kwanza,” nilisema.

“Ikishachakaa ndo unirudishie?” mwenye duka aliuliza. “Mali iliyotumika mi sipokeagi, fundi.”

Hapo ndipo tulipokwama. Ili tuijue ilibidi tuichakaze, na tukiichakaza inakuwa yetu. Tulibishana hadi padri akamtaka aahidi mbele yetu kwamba ikishuka chini ya maandishi yake, ataongeza nyingine bure. Aliahidi, lakini jicho alilonitupia sikulipenda.

Dada aliniudhi kuliko wote. “Wewe unapima jua, mimi nina akina mama wanakuja kujifungua,” alisema. “Taa na betri nafunga leo.” Akafunga.

Nilirudi baada ya wiki kadhaa, mchana wa jua kali. Niliifuta vumbi nikapima, nikarudia. Ilikuwa imeshuka chini ya maandishi. Mwenye duka, tuliyekuwa tumemwita, hata mita hakuitazama.

“Taa si inawaka?”

Dada alitoka leba akijifuta mikono. Niliogopa atamuunga mkono, maana tangu siku ile hatukuwa tumeongea vizuri.

“Inawakaga,” alisema polepole. “Juzi jioni iliwaka mpaka kichwa cha mtoto kikatoka. Ikazima. Mabega nimeyatafuta gizani.”

Mwenye duka alimgeukia. “Mtoto mzima?”

“Mzima. Mama yake yumo humo ndani, ingia umpe pole.”

Hakuingia. Alikwenda kwenye pikapu yake, akafunua turubai, akashusha paneli ya pili. Alikuwa ameibeba tangu dukani kwake Kabasa.