Wikiendi ya Kumkimbia Baba Mkwe

Sikwenda Kyela mwezi wa sita kwa ajili ya kula wali na samaki mbasa, ingawa vyote nilivila. Nilikwenda kumtoa baba mkwe wangu kijijini Mwaya na kumleta Mbeya afanyiwe upasuaji. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alishasema asichelewe zaidi. Mzee alikuwa amekataa katakata. Sababu yake ilikuwa mimi.

Nyie wa nyumbani Morogoro mtacheka. Kwetu mkamwana humwekea baba mkwe chai, wakakaa sebuleni kubishana habari za mpira. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na mzee huyu ni wa zamani hasa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawapishani njiani, hawasemezani, na jina lake silitaji hata hapa. Sasa nyumba yetu ya Mbeya ni vyumba viwili na sebule. Mzee alimwambia mume wangu, Ambwene, "Bora nipofuke kwangu kuliko kumfukuza mwanamke jikoni kwake." Ambwene alibanwa na kazi, nikasema nitakwenda mwenyewe, maana Jumapili binti wa dada yake alikuwa anapata kipaimara na ukoo wote ungekuwepo. Nitambembelezaje mtu nisiyeruhusiwa kusema naye? Hilo sikulifikiria.

Ijumaa jioni nilishuka stendi ya Kyela, sweta la Mbeya nimelikumbatia, jasho linanitoka. Bajaji ikanifikisha Mwaya. Wifi yangu Tusa, mama wa mtoto wa kipaimara, akanipokea begi.

"Ugonile, wifi. Kaa upumzike."

Sikukaa. Mtu alikohoa upande wa zizi, Tusa akaninong'oneza, "Baba huyo," nami nikatimka kupitia migombani. Ndala yangu moja ikabaki uani, mbwa akaondoka nayo. Tusa akanipa moja yake nyekundu iende na yangu ya bluu.

Jumamosi ilikuwa hekaheka tangu alfajiri. Nilianza kuchambua mchele barazani, nikahamishwa. Nikashika kazi ya kumenya ndizi chini ya mwembe, nikahamishwa. Kila nilipopata pa kuegemea, mzee naye alipaonea hamu hapohapo, akija polepole na fimbo yake. Nilianza kuamini ananifuata makusudi.

Mchana tulikwenda Ngonga kwenye fainali ya kombe la kata. Nilipata kiti kizuri chini ya turubai. Kipindi cha kwanza hakijafika katikati, mzee akaletwa kwenye viti vya wageni, nami nikapelekwa nyuma ya goli la mbali, juani. Huko ndiko nilikoiba kumtazama. Vijana wa Mwaya walifunga, uwanja mzima ukasimama. Yeye aligeuka kwanza kumuuliza jirani, kisha akapiga makofi wakati wengine wameshakaa. Bao la pili vilevile. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikazikasirikia na hizo mila, nikatamani nivuke uwanja nimshike mkono mbele ya watu wote.

Jioni nilishuka ziwani na mama mkwe kuosha masufuria ya sherehe. Wavuvi walikuwa wakitundika nyavu, muziki wa ushindi unasikika hadi majini. Nikamuuliza, "Mama, wewe humwambii akubali kwenda hospitali?"

"Nimesema mpaka nimechoka. Anakuogopa."

"Ananiogopa mimi?"

"Ndiyo heshima yenyewe, mwanangu. Jana kaniuliza kama umekula, na nani kakupa ndala." Akasugua sufuria kwa mchanga. "Kesho atakula nyuma ya jiko, penye kivuli. Ule ukuta wa mianzi hauzuii sauti."

Jumapili ibada ilikuwa ndefu, kwaya zote zilitaka kuimba, na basi langu lilikuwa la saa nane. Niliingia jikoni walimokuwa Tusa na mama mkwe, bado nimevaa gauni la kanisani, nikageukia ukuta wa mianzi. Nje nilisikia kijiko kikigonga sahani.

"Wifi," nikasema kwa sauti kubwa, "pale kwetu kuna mlango wa nyuma. Unatokea kwenye kamba ya nguo."

Kijiko kikatulia. Mzee akasema, "Tusa, muulize wifi yako, mtu akishafunguliwa macho itakuwaje?"

Hapo subira ikaniisha. "Ukifunguliwa, baba, nitakimbia. Wikiendi nzima nimefanya mazoezi."

Nilikuwa nimemsemesha. Tusa alibaki na upawa mkononi. Mama mkwe akainamisha kichwa, nami nikaona nimeharibu kila kitu. Kisha nyuma ya mianzi ukasikika mkoromo, halafu kikohozi, halafu mzee akacheka kweli.

"Tusa, mwambie nimesikia. Niletee koti, Mbeya kuna baridi."

Saa nane tulipanda basi, yeye nyuma ya dereva, mimi kiti cha mwisho kabisa. Njia nzima nilitazama kofia yake. Baridi ilipoanza akamuuliza jirani, "Hapa Tukuyu?" na ilikuwa Tukuyu.

Nilidhani heshima yao ni ukuta tu. Nilichojifunza ni kwamba hata nyuma ya ukuta mtu anaweza kukujali, na ukimjali atasikia.

Siku aliyofunguliwa jicho la kwanza, Ambwene alimrudisha nyumbani akamketisha kwenye dirisha la nyuma. Nilitoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikajibanza kwenye nguo zilizoanikwa, shuka limenifunika mpaka magotini. Nikamsikia mzee ndani.

"Ambwene, mwambie mkeo ndala zake si pea. Moja nyekundu, nyingine bluu."

Nikatazama miguu yangu, nikalia pale pale kambani.