Ubongo Uliokaangwa Kaloleni

Kama mnataka kucheka, chekeni sasa, maana aibu ya siku ile hata mimi ilinichoma uso, na afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa mtaa wa Kariokor, ambao kila mwaka wanaongeza chumvi.

Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo, kazi yangu kuchunguza ubongo pale chuoni, nikaalikwa kuzungumza kuhusu kifafa katika ukumbi wa mtaa wetu, Kaloleni. Mkubwa wangu kazini akaniambia, "Utapoteza wakati, watu wa mtaani hawataelewa." Basi nikaapa kwamba wataelewa, tena kwa kuona kwa macho yao, na kwa kuwa bongo za maabara haziruhusiwi kutoka, nikapita kwenye bucha nikanunua ubongo wa ng'ombe, mbichi, mzima, nikautia kwenye bakuli la mama lenye kifuniko (lile la wageni). Nilifika mapema, jua linawaka, nzi tele, nikaona niuache jikoni nyuma ya ukumbi, penye kivuli. Ni hilo tu nililokosea.

Ukumbi ulijaa. Mbele alikaa jirani yetu Mama Akinyi, ambaye binti yake alikuwa ametolewa shule kwa sababu alianguka kifafa darasani na wazazi wengine wakasema ana jini lililoletwa na makosa ya mama yake, atawaambukiza watoto wao. Kusema kweli nilikuja kwa ajili yake. Nikazungumza vizuri, sauti haitetemeki, nikaomba bakuli liletwe, nikasema, "Sasa mtaona kiungo kinachotufanya tuwe watu," nikafunua.

Vitunguu. Nyanya. Dhania. Na harufu (siwafichi) ilikuwa nzuri sana.

Mama Zuhura, aliyekuwa akiwapikia wageni, akasema kutoka mlangoni bila wasiwasi wowote, "Mwanangu, niliona ubongo kwenye bakuli zuri, nikajua ni wa mgeni rasmi. Pilipili nimetia kidogo tu."

Watu walicheka mpaka viti vikalia, na mwenyekiti wa mtaa akafuta machozi akaniuliza, "Daktari, tuombee chakula au tuendelee na mkutano?"

Ningeweza kuondoka. Lakini niliwaza jinsi mkubwa wangu atakavyotabasamu akisikia, nikaomba uma, nikainua kipande juu ili hata wa nyuma wakione.

"Hiki mmekila tangu utotoni," nikasema. "Nani amewahi kukuta jini ndani yake? Ni nyama, na nyama huugua. Ubongo wa Akinyi unaugua, hauambukizi mtu, na dawa iko."

Kicheko kikapungua, kikaisha. Mama Akinyi akasimama.

"Kwa hivyo si mimi niliyemkosea mtu?"

"Si wewe, mama. Wala si yeye."

"Basi kesho twende ukamwambie mwalimu mkuu hivyo hivyo."

Tukaenda. Mwalimu mkuu alikuwa ameshasikia habari za vitunguu (nani hakuwa amesikia?), akajikaza asicheke, akashindwa, nikamngoja amalize, kisha nikarudia kila neno. Akinyi alirudi darasani muhula ule ule, huku anameza dawa.

Tangu hapo niliapa kutouacha tena ubongo karibu na jiko linalowaka. Kunyamaza sikuapa. Nikiitwa ukumbini ninakwenda, na wakitaka kunicheka wanicheke, nitasimama pale pale mpaka wachoke, kisha nitaendelea.